Kutengeneza au Kuchinja

Jumatatu

Gari limechemsha leo asubuhi katika Barabara ya Mandela, nikitoka Tabata Relini kuelekea Buguruni. Foleni ilikuwa imesimama. Mbele yangu lori la kontena, nyuma yangu lori la kontena, maana mizigo ya bandarini iendayo bara hupita humo. Mshale wa joto ulipanda ukavuka katikati. Nilishusha vioo, nikawasha hita ili ivute joto la injini, nikangoja. Mvuke ulianza kutoka kwenye boneti kabla lori la mbele halijasogea.

Askari wa usalama barabarani alifika upesi. Aliomba leseni. Aliomba kuona pembetatu, kisha kizimamoto, kisha akahakiki bima kwenye simu yake. Vyote vilikuwepo. Baada ya hapo akaniamuru nitoe gari barabarani. Waliolitoa ni vijana wanaouza maji ya chupa kwenye foleni, wakasukuma hadi pembeni na kukataa hela. Maji yao ndiyo niliyojazia rejeta.

Gari lenyewe ni Toyota Carina Ti ya 1998, injini ya 5A, lita moja na nusu. Lilitoka Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali kiasi kwamba wengi huona heri wauze. Dar es Salaam lilisajiliwa mwaka 2010, kwa hiyo ni namba B. Siku hizi namba zimefika E, na watu huuliza herufi kabla ya kuuliza hali ya gari. Toyota iliacha kuunda Carina mwaka 2001. Watoto wangu wote wamekwenda shule kwa gari hili.

Gereji yetu iko chini ya mwembe, nyuma ya kituo cha daladala. Fundi alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwenye kitambaa, akanionyesha. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia kwenye oili, jambo linalotokea gasketi ya silinda hedi ikiungua au hedi yenyewe ikipinda. Kwenye injini hii bloku ni ya chuma na hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka zaidi ikipata joto, ndiyo maana gari likichemsha hedi huumia kwanza.

"Bosi, hapa tushushe injini yote," alisema Fundi. "Kuna jamaa yangu ana 5A imeshuka juzi kutoka Dubai. Milioni moja na laki mbili, unasahau shida." Alikuwa hajafungua hata nati moja.

Jumanne

Nimekwenda kazini kwa daladala. Kituo cha Segerea kilikuwa kimejaa. Wenye nauli ya ziada hugeuza nalo, yaani hulipanda daladala likielekea mwisho wa njia ili warudi nalo wakiwa wamekaa. Wengine tunagombea mlango. Nilisimama hadi Kariakoo, nimeshika bomba kwa mkono mmoja na mfuko wa chakula kwa mkono mwingine.

Ofisini baraza limekaa bila kuitishwa. Mhasibu alisema uza likiwa bado linapumua. Dereva wa ofisi alisema fanya ovaholi, hizo 5A hazifi. Mkuu wangu wa kitengo alisema umri wangu unataka gari la namba E. Nilisikiliza wote kwa heshima. Hakuna aliyeuliza kama hedi imepimwa.

Mchana nilipita kwenye yadi ya magari. "Shikamoo mzee, karibu uchukue chuma," alisema kijana wa mlangoni. Alinionyesha IST moja nyekundu, safi kweli. Bei ilinifanya niulize inajengwaje, naye akanieleza vizuri, na kwa hilo namshukuru. Gari lililozidi miaka 10 linapoingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa kwa ajili ya uchakavu, asilimia 30. Kisha inakuja VAT ya asilimia 18, inayokokotolewa juu ya thamani ya gari pamoja na ushuru huo. Tozo nyingine ndogo zinafuata nyuma.

Sina ugomvi na kodi ya uchakavu. Kila nchi jirani imejitafutia njia yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Uganda iliyafungia mlango magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Sisi tumechagua kuyapokea na kuyatoza. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili ambao baraza la ofisini halikuutaja: gari la zamani ambalo limeshaingia na kulipiwa ni mali, kwa sababu kuleta mwenzake kunahitaji kulipa kodi hiyo yote upya. Kijana wa yadi alisema atalipokea langu kama sehemu ya malipo. Alitaja kiasi bila kuomba kuliona.

Jumatano

Mnunuzi wa chuma chakavu amekuja gereji. Sijui nani alimpa habari. Alilizunguka gari, akapiga milango kwa kiganja, akachungulia chini. "Mzee, hii ni ya kuchinja," alisema. Milango, taa, viti na gia boksi vitakwenda dukani, kwa kuwa Carina bado ziko barabarani na zinahitaji vipuri. Bodi itakatwa, ipimwe kwa kilo, iyeyushwe, itoke nondo. Alinipa bei ya shilingi 750,000, taslimu, papo hapo.

Aliomba ufunguo. Hakuomba kadi ya gari. Nilimwuliza usajili utafutwa na nani. Akasema hayo atayashughulikia. Nikauliza tena, akajibu vilevile. Faini ya barabarani kwa kosa moja ni shilingi 30,000 na huandikwa kwa namba ya gari. Bodi ikienda kwenye tanuri na bati la namba likaenda kufungwa kwenye gari jingine, makosa ya dereva nisiyemjua yatasomeka kwa jina langu. Sikumpa ufunguo.

Njia ya tatu ni kuliacha liozee uani. Zamani njia hiyo ilikuwa na gharama. Gari likisimama au likitembea, leseni ya mwaka ililipiwa, na asiyelipa deni lilikua. Bajeti ya 2017 iliifuta ada hiyo na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo gari bovu halidai mtu kitu, na ukipita mitaani utaona jinsi nyua zilivyojaa magari yaliyofunikwa turubai. Jirani yangu ana Mark II ambayo kuku wake hutaga kwenye kiti cha nyuma. Mke wangu amekataa mapema kabisa. Pale uani ndipo anapoanika nguo, na matairi yanayokusanya maji ya mvua huzalisha mbu. Ana haki.

 

Alhamisi

Nimeomba ruhusa kazini ili niwepo hedi ikifunguliwa. Fundi hakufurahi mwanzoni. Nilimwambia: injini ya Dubai tutaizungumza baada ya kuona ndani. Alifungua vifuniko vya juu, akatoa belti ya taimingi, akalegeza boliti za hedi. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hapo maji yalipata njia.

Kisha alifungua kikombe cha themostati, nacho kilikuwa kitupu. Fundi fulani wa zamani aliitoa na hakusema. "Bosi, kwenye joto letu hili ile haina kazi," alisema Fundi. Wengi wanaamini hivyo na mimi napinga kwa nguvu zote. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake haraka. Ukiitoa, maji huzunguka muda wote, injini hukawia kupata joto, na kompyuta hudhani bado asubuhi na kuongeza petroli. Mwenye gari hulipia petroli hiyo miaka nenda miaka rudi bila kujua.

Chanzo cha kuchemsha kilikuwa rejeta. Fundi aliing'oa, akaimwagia maji juu, chini yakatoka ya rangi ya matofali, tena kidogo kidogo. Njia zake ndogo zimezibwa na kutu. Maji ya bomba peke yake yana hewa na chumvi, nayo hula chuma cha bloku mwaka hadi mwaka, na uchafu wake unakwenda kutulia kwenye rejeta. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Hilo ni jambo la galoni moja au mbili, na magari mengi ya mji huu yanakufa kwa kukosa galoni hiyo.

Tulipakia hedi kwenye bajaji, mimi nikiwa nimeipakata, tukaenda kwa wachonga vyuma Gerezani. Kulikuwa na foleni ya hedi sakafuni. Hedi za Fuso, hedi za Coaster, hedi za Noah, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa chaki. Yangu ikaandikwa na kuwekwa mwisho. Tulikaa kwenye benchi. Zamu yetu ilipokaribia umeme ukakatika.

Mashine zilinyamaza, lakini kupima hakuhitaji umeme. Mzee wa karakana alituita. Nilimwamkia, akaitikia, akaisugua hedi hadi ikang'aa. Akaweka rula ya chuma juu yake, akapenyeza vibati vyembamba vya fila chini ya rula, kwa urefu, kwa upana, kisha pembe kwa pembe. Kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu kupinda kusikozidi milimita 0.05. Yetu ilikuwa 0.10. Akaitazama mwanga ukiipiga kati ya vali, akitafuta ufa, akasema umeme ukirudi ataipima kwa hewa ndani ya maji.

"Mwanangu, hii hedi bado," alisema. "Tunaskimu kidogo, inarudi. Nani kakwambia ununue injini?" Fundi aliangalia barabarani. Mzee huyu hauzi magari, hauzi injini, hauzi vipuri. Kazi yake ni kupima na kuchonga, na kupima ni shilingi 5,000. Tangu Jumatatu nilikuwa nimepewa ushauri na muuza injini, muuza magari na muuza chuma, na kila mmoja alinishauri ninunue kilicho mkononi mwake au nimwuzie kilicho mkononi mwangu. Huyu ndiye wa kwanza kunipa kipimo. Nilikaa pale hadi jioni, umeme haukurudi, na moyo wangu ulikuwa umetulia.

Ijumaa

Umeme umerudi. Karakana ilifungwa mchana kwa ajili ya swala, ikafunguliwa, na foleni ikaanza upya kwa sababu wa jana wote walirudi pamoja. Hedi haikukutwa na ufa. Ilichongwa saa kumi. Nimelipa shilingi 50,000.

Wakati nikingoja niliwaza kuhusu bodi. Injini mtu anaweza kufungua, kuchonga, hata kubadilisha. Bodi ikiliwa na kutu, gari limekwisha, na hiyo ndiyo hukumu isiyo na rufaa. Niliporudi gereji nilimwomba Fundi tunyanyue mazulia yote. Alikubali. Nadhani maneno ya mzee wa Gerezani yalimgusa, kwa maana leo alifanya kazi kwa utulivu mkubwa na hakuitaja Dubai.

Tulipita na bisibisi na tochi. Tuligonga chini ya milango, sehemu za kuwekea jaki, mahali shokapu za mbele zinapofungwa, na miguu ya kubebea injini. Kote bisibisi iligonga chuma kigumu. Kwenye buti, shimo la tairi la spea, ilipenya. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kupitia mpira wa taa ya nyuma. Ni kipande cha kukata na kuchomea bati jipya, hakibebi uzito wa gari. Fundi wa kuchomelea atakuja wiki ijayo, au hiyo inayofuata.

Jumamosi

Nimekwenda mtaa wa Shaurimoyo kutafuta vipuri. Ukiingia tu vijana wanakupokea kabla hujavuka mtaro. "Mzee wangu, gari gani? Sema, mzee wangu." Ukitaja Carina, wanakimbia dukani kwa mtu mwingine na kurudi na bei yenye nyongeza yao. Niliwaomba radhi nikaenda mwenyewe, kaunta kwa kaunta. Kwenye kila kaunta foleni ni ya mafundi wenye haraka, na fundi mwenye haraka huhudumiwa kabla ya mwenye gari.

Gasketi ziko za madaraja. Ipo inayoitwa orijino, ipo ya Taiwan, ipo ya China, na zote wakati mwingine zimo kwenye maboksi yanayofanana. Nilifungua boksi, nikapitisha kidole kwenye pete za silinda, nikalinganisha matundu ya maji na gasketi ya zamani niliyokuja nayo kwenye gazeti. Muuzaji alinivumilia. Wa nyuma yangu hawakunivumilia. Nilichagua ya kati kwa bei, yenye pete zilizokaa sawasawa.

Themostati ndiyo iliyonizungusha. Duka la kwanza walisema hiyo watu wanatoa, hawaweki. La pili vivyo hivyo. Kwingine wakanipa ya gari jingine na kusema itakaa. Nilizunguka mtaa wote hadi nikampata mama mmoja mwenye duka dogo, akapanda ngazi, akashusha kiboksi chenye vumbi. Namba 82 ilikuwa imegongwa kwenye shaba yake. Shilingi 25,000. Nilitaka kulipa kwa simu, mtandao ukawa chini, tukakaa tukingoja ujumbe uingie. Aliniletea kiti.

Jioni nimeandika hesabu. Seti ya gasketi 95,000. Kuchonga hedi 50,000. Belti ya taimingi 45,000, kwa kuwa ya zamani imeshatolewa na si busara kuirudisha. Rejeta 180,000. Themostati 25,000. Kulanti 50,000. Oili na chujio lake 85,000. Ufundi 150,000. Jumla ni shilingi 680,000. Ni pungufu kidogo tu ya zile 750,000 za mnunuzi wa chuma chakavu. Mtu akiziweka hizo namba mbili peke yake mezani atasema chinja. Lakini zile 750,000 zikipokelewa, Jumatatu naamkia kituo cha Segerea, na gari jingine litadai mamilioni na kodi zake. Ulinganisho wa kweli ni kati ya 680,000 na gari lingine.

Jumapili

Fundi ameanza kufunga baada ya ibada. Boliti za hedi hukazwa kwa mpangilio, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Gereji haina spana hiyo. Iko kwa fundi wa Kinyerezi, na fundi wa Kinyerezi alikuwa harusini. Fundi alipendekeza akaze kwa mkono, kwamba mkono wake unajua. Nilikataa, na nitaendelea kukataa, kwa sababu hedi iliyokazwa bila usawa hupinda tena. Tulingoja spana hadi alasiri, tukala mihogo ya kuchoma.

Injini iliwaka saa kumi na moja. Tuliiacha ingurume huku kifuniko cha rejeta kikiwa wazi ili hewa itoke. Mshale ulipanda taratibu ukasimama chini kidogo ya katikati. Hozi ya chini ilikuwa baridi, kisha ghafla ikapata moto: themostati imefunguka. Feni ikawaka, ikazima. Nimekwenda nalo Kinyerezi na kurudi, vioo chini, bila moshi. Mke wangu aliketi mbele na kuutazama mshale njia nzima.

Uamuzi wangu ni kwamba gari linabaki. Shimo la buti litachomelewa. Likifika siku ambayo bisibisi itapenya chini ya milango au kwenye sehemu za jaki, litakwenda kuchinjwa, nami nitakwenda na kadi yake mkononi nifute usajili kabla ya kukabidhi ufunguo.

Nawe msomaji, ukiambiwa wiki hii ushushe injini au uuze kwa kilo, mwombe fundi afungue hedi kwanza, uipeleke ikapimwe, kisha unyanyue mazulia uone bodi. Ukishapata vipimo hivyo viwili, sikiliza bei za watu.